Teke dogo begani: baruti pungufu kwenye .308, au kuhamia .243?

Bunduki ya .308 (namba hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi) ikikupiga teke mpaka unafumba macho kabla ya kufyatua, kulungu utamkosa, au mbaya zaidi, utamjeruhi. Kwa anayejijazia risasi mwenyewe, njia ni mbili.

Ya kwanza, baki na bunduki yako: kichwa (kipande cha risasi kinachoruka) cha gramu 8 badala ya 9.7, na baruti pungufu. Hapa kuna mtego. Baruti ya kuungua polepole ikipunguzwa mno huweza kuwaka ovyo na kupandisha presha ghafla. Ndiyo maana wengi hutumia baruti iitwayo H4895, ambayo watengenezaji wake wanaruhusu ishuke hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu kwenye jedwali lao. Chagua kichwa laini pia. Kigumu kikifika na mwendo mdogo hupenya tu bila kutanuka. Na mimi nisingepiga zaidi ya mita 150.

Ya pili, hamia .243. Hii, iliyotoka mwaka 1955, haina hesabu hizo. Kichwa cha gramu 6.5 kwa karibu mita 900 kwa sekunde, risasi inakwenda imenyooka, bega halilalamiki. Ila ni bunduki nyingine ya kununua (na kumweleza mwenzako nyumbani kwa nini). Ningeanza na baruti pungufu; maganda unayo tayari.