Kipokezi cha SDR cha kununua Lubumbashi: anza na cha bei ndogo

SDR ni redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu ya kompyuta. Ukitaka kuona mawimbi ya redio kwenye kompyuta na kuyasikiliza, usikimbilie mashine ya bei kali. Hapa mjini minara ya FM iko karibu na makazi, inverta za sola zinatoa kelele na nyumba nyingi zina paa la bati. Kipokezi cha dola 40 chenye antena nje ya bati kitasikia vizuri kuliko cha dola 300 kilichowekwa sebuleni. Bei zetu ni za kukadiria, bila usafiri.

1. RTL-SDR Blog V3 au V4 (dola 30 hadi 45)

Hiki ndicho tunachowashauri wengi. Kinapokea kuanzia kHz 500 hadi karibu MHz 1766, na kinaonyesha MHz 2.4 kwa mara moja bila kupoteza data. V4 ni bora kwa mawimbi mafupi (chini ya MHz 30). V3 huyapata kwa kuchagua "direct sampling (Q branch)" kwenye programu, na stesheni za juu ya MHz 14.4 hujikunja zikatokea mahali pasipo pake. Lakini V4 inataka draiva (programu ya kukiunganisha kifaa na kompyuta) yake mpya. Ukiitumia na programu ya zamani utasikia mvumo mtupu.

Epuka vile vya plastiki vya dola 10. Fuwele zake za kupimia masafa zinaweza kukosea ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni): kwenye MHz 100 hiyo ni kHz 5, kwenye MHz 1090, ambako ndege hutangaza mahali zilipo, ni zaidi ya kHz 54. V3 na V4 halisi zina TCXO (fuwele isiyoyumbishwa na joto) ya ppm 1, boksi la alumini na soketi ya antena ya SMA, ya kufunga kwa skrubu. Kwa kuwa vya kughushi vimejaa sokoni, mwambie anayekuletea kutoka Dubai au China anunue kwa muuzaji anayetajwa na mtengenezaji mwenyewe.

2. SDRplay RSP1B (dola 130 na kuendelea)

Biti 14 (RTL-SDR ina 8; zikiwa nyingi, stesheni dhaifu husikika vizuri kando ya zenye nguvu), upana wa hadi MHz 10, na vichujio ndani vinavyopunguza nguvu ya FM. Ni chaguo zuri kwa anayeishi chini ya mnara.

3. Airspy HF+ Discovery (karibu dola 170)

Kwa mawimbi mafupi, kati ya hivi vitatu, hiki ndicho kikali zaidi. Kinaishia MHz 260, na kati ya MHz 31 na 60 hakipokei, kwa hiyo hakifai kwa ndege za MHz 1090.

HackRF One (zaidi ya dola 300) tumeiacha nje ya orodha: ina biti 8 tu, na sifa yake kubwa ni kuweza pia kurusha mawimbi, jambo linalohitaji kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo.

Kuiwasha

RTL-SDR kwenye Windows: chomeka kipokezi, fungua Zadig (programu ya kuweka draiva), bonyeza Options, kisha List All Devices. Chagua "Bulk-In, Interface (Interface 0)", weka WinUSB, sakinisha. Ukichagua kifaa kingine unaweza kuua kipanya au kibodi, basi soma jina mara mbili. Programu ya kusikilizia iwe SDR++. Inaenda pia kwenye Linux na Android kwa waya wa OTG (wa kuunganisha kifaa cha USB na simu).

Anza na gain (kiasi cha kukuza mawimbi) sifuri, ipandishe polepole. Sakafu ya kelele (mstari wa chini kwenye skrini pasipo na stesheni) ikianza kupanda, simama. Stesheni ya FM ikijitokeza mahali isipostahili, kipokezi kimezidiwa: shusha gain au nunua kichujio cha kuzuia MHz 88–108. Kwenye programu chagua aina ya mawimbi: redio za FM ni WFM, ndege za MHz 118–137 ni AM, maredio-amateur wa MHz 145 ni NFM.

Mkono mmoja wa dipoli (antena ya mikono miwili), kwa sentimita, ni 7500 ugawe kwa MHz: 75 kwa MHz 100, 55 kwa setilaiti za hali ya hewa za MHz 137, 7 kwa MHz 1090.

Kwenye mawimbi mafupi, endesha kompyuta kwa betri, kisha chomoa chaja, taa za LED na inverta kimoja kimoja huku ukitazama skrini. Mistari ya kelele ikipotea, umempata mkosaji. Mfunge ferrite (kipete cha kuzuia kelele) kwenye waya wake au ahamishwe mbali.

Sikiliza matangazo, maredio-amateur, setilaiti na ndege. Simu na mawasiliano ya usalama usiyaguse: sheria ya Kongo nambari 20/017 ya 2020 inalinda siri ya mawasiliano. Na msimu wa mvua, chomoa antena mapema, kabla wingu halijaanza kunguruma.