TAHADHARI: Wenye magari ya zamani, mkwepeni huyu muuza pampu za ABS wa Gerezani

Jamani, naandika kwa hasira, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Toyota Mark II ya mzee mnaijua, ile GX110, na taa ya ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu, mnajua ilivyong'ang'ania kuwaka tangu tutoke Korogwe. Nimepigwa laki sita na nusu mchana kweupe, Kariakoo, mimi ninayegombana na konda kwa mia mbili.

Na msinicheke, kwa sababu yule kijana alianza kwa kukataa kuniuzia. Nimefika kwenye fremu yake nauliza pampu, ananiambia, "Shemeji, tuangalie kwanza, usije ukatoa hela bure." Ushemeji wenyewe alinisikia naongea na Baba Junior kwenye simu, akasema na yeye kwao Same. Mwizi gani anakwambia usitoe hela? Akafungua boneti, akanishika mkono akauweka juu ya pampu, gari ikiwa inaunguruma pale pale. "Unasikia inatetemeka?" Haitetemeki. "Basi imekufa hiyo." Nimekuja kujua juzi kwamba gari likisimama pampu hiyo hutulia tuli hata ikiwa mpya. Inafanya kazi ABS inapofanya kazi, pamoja na kujipima kidogo tu gari linapoanza kuondoka.

Akaleta boksi. Pampu imeviringishwa nailoni, ina namba zimeandikwa kwa kalamu nyeupe kama vitu vinavyotoka Japani. Laki tisa. Tukavutana mpaka sita na nusu pamoja na ufundi, nikamtumia kwa simu palepale, yeye akaniandikia kwenye kipande cha boksi eti ndiyo risiti. Akaniambia, "Shemeji, jua kali, kale supu pale." Nimerudi pampu inang'aa kama sahani ya harusi. Washa gari: taa zote zikawaka, zikazimika. Akachomeka kidude chini ya usukani, akanionyesha simu yake, hakuna kosa hata moja. Nikachukua video nikairusha humu, na wengine mlinipa hongera!

Ikaja siku ya mvua, Kibamba. Bodaboda akakata mbele yangu bila hata taa, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Matairi yakaganda. Nakata usukani kulia, gari linateleza moja kwa moja kama sijagusa kitu. Pedali kimya chini ya mguu, haipigi ule mdundo wa ABS. Tulimkosa kwa kiasi cha kiganja, na Junior yuko kiti cha nyuma.

Fundi wetu wa Mbezi kufungua, pampu ni ileile ya mzee. Imeoshwa kwa petroli, ikapuliziwa rangi ya fedha, na rangi imepita mpaka juu ya nati za paipu za breki, maana yake hazikuguswa spana. Dashibodi nayo, waya wa taa ya ABS umekatwa ukaungwa kwenye waya wa taa ya betri na soletepu nyeusi. Ndiyo maana zilikuwa zinazimika pamoja, sekunde ileile. Kile kidude chake ni cha injini tu, ABS hakiijui kabisa. Fundi akarudisha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kiwaya, taa ikaanza kupepesa: mara tatu, ikatulia, mara moja. Yaani kosa namba 31. Sensa ya tairi la mbele kulia, kile kidude kinachosoma mwendo wa tairi. Waya wake ulikatika walipobadilisha beringi kule Korogwe. Sensa! Pampu haikuwa na tatizo lolote.

Nikampigia yule muuzaji. Mnajua alijibu nini? "Kwani shemeji, taa si ilizimika?" Akakata. Sasa hapatikani.

Huyu si wa kudaiwa hela tu. Aliyezima taa ya ABS akijua breki haijatengenezwa ana tofauti gani na aliyekukatia mpira wa breki usiku? Afungwe, fremu ipigwe kufuli, na wale waliokaa pembeni wanamtazama anapuliza rangi nao wahojiwe.

Mkiwa huko, ombeni risiti ya mashine ya EFD, uone sura itakavyobadilika. Kifaa cha zamani uondoke nacho. Pampu haibadilishwi bila kutoa upepo kwenye breki, lazima mtu akae akanyage pedali, na mimi pale sikuona aliyekanyaga chochote. Na ukifungua swichi taa ya ABS iwake, izimike kwa wakati wake, isisubiri ya betri.

Jumatatu asubuhi naenda Kituo cha Msimbazi na video na muamala. Kama na wewe alikuita shemeji, njoo na ushahidi wako tuingie pamoja.