Rubi au zumaridi: ununue ipi ukiwa Arusha

Wengi wanaokuja Arusha kutafuta jiwe la pete wanajua tanzanite tu, ila wanaoulizia rubi na zumaridi nao wapo wengi, na swali ni lile lile, ipi bora. Mimi kabla ya rangi na bei nakuuliza kwanza jiwe litavaliwa wapi, maana la kukaa kidoleni kila siku sio sawa na la hereni za harusini. Hapa nimepanga kwa pete ya kila siku, hereni ntazigusa mbele.

Namba moja ni rubi, tena iliyochomwa kawaida. Usishtuke kusikia imechomwa, rubi nyingi sokoni zimepita kwenye moto mkali ili rangi itulie na ukungu upungue, dunia nzima inakubali hilo na rangi haiondoki kwa kuvaliwa, muhimu muuzaji akwambie na bei iendane. Ambayo haijachomwa na bado ni safi, hiyo bei yake ni nyingine kabisa. Ugumu wa rubi ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, na kwenye kipimo hicho almasi ndo iko juu yake, wakati vumbi letu hili lina chembe za kwatzi, madini ya mchanga, ambazo ni 7, ndo maana tanzanite ya pete yenye ugumu wa 6 mpaka 7 inapoteza mng'aro taratibu na rubi wala haina habari. Za kwetu za kukata zilizovuma ni za Winza kule Mpwapwa, zilianza kusikika 2007 na 2008, halafu zipo za Morogoro na bonde la Umba, na Montepuez ya Msumbiji nayo toka 2009 inatoa mzigo mkubwa. Ya Longido pale Mundarara ni habari tofauti, nyingi haipitishi mwanga, imekaa ndani ya jiwe jingine, zoisaiti ya kijani yenye madoa meusi, inapendeza mno ikichongwa na bei yake ni ya kawaida, ila mtu asikupigie bei ya rubi angavu kwa jiwe hilo.

Namba mbili utashangaa sio zumaridi, ni tsavoriti. Kama unachotaka ni kijani kwenye pete basi angalia hii kwanza, ni kito cha jamii ya ganeti, cha kijani, kilichogunduliwa huku huku kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, ugumu wake uko 7 na kidogo, ni safi kuliko zumaridi nyingi na kwa kawaida haichomwi wala haipakwi mafuta. Shida yake ni saizi, ikivuka kereti 2 (kereti 5 ni gramu 1) inakuwa adimu na bei inapaa.

Zumaridi ni ya tatu, na nasema hivi huku naipenda kuliko zote kwa macho. Cha ajabu kromiamu ile ile inayoifanya rubi iwe nyekundu ndo inaipa zumaridi kijani, pamoja na vanadiamu. Kwa namba ugumu wake ni mzuri tu, 7.5 mpaka 8, tatizo ni nyufa. Chukua lupe, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10, mulika tochi kwa ubavu, utaona ndani vijistari vimetawanyika kama mizizi ya majani, hiyo ni kawaida, yenyewe ndo ilivyoumbwa, na ukiona zumaridi kubwa haina hata kimoja kwa bei nafuu hapo ndo uogope, inaweza kuwa glasi au ya kutengenezwa maabara. Ufa unaofika juu ya jiwe ndo wa kuangalia kwa makini, wengi wanaufunika kwa mafuta na mafuta hayo yanakauka kwa miaka au yanatoka na sabuni. Kwa hiyo mama wa kufua na kuosha vyombo usimvalishe zumaridi kidoleni, mnunulie hereni au kidani, huko naipa namba moja bila kubishana. Zipo za Ziwa Manyara hapo jirani na za Zambia, uliza zimetoka wapi na zimepakwa kiasi gani.

Usiyoinunua kabisa ni rubi ambayo nyufa zake zimejazwa glasi yenye madini ya risasi. Ni kubwa, nyekundu, rahisi, ila ukiigeuza geuza kwenye lupe unaona mwako wa bluu na viputo, na hata maji ya ndimu ya kachumbari yanaila ile glasi, sonara naye akiipiga moto wakati wa kurekebisha pete inaharibika.

Sasa ukienda kununua, toka nje na jiwe ulione kwenye mwanga wa jua, taa za dukani zinapendelea. Nunua kwa dila au broka mwenye leseni au pale soko la madini, usinunue kwa mtu aliyekufuata barabarani. Ganeti nyekundu na spineli ya Mahenge zinafanana na rubi mpaka wazoefu wanapima, kwa hiyo jiwe la hela ndefu lipite maabara ya vito kabla hujalipa. Risiti iandikwe jina la jiwe, uzito kwa kereti na kama limechomwa, limepakwa mafuta au halijaguswa, muuzaji akigoma kuandika hivyo mrudishie jiwe lake uende duka la pili.