Uzoefu wangu na sproketi mpya ya mbele kwenye Yamaha XS650 ya mwaka 1977

Kwa miezi kadhaa nilidhani kwamba mlio wa kukwaruza uliokuwa ukitoka upande wa kushoto wa pikipiki yangu ulisababishwa na cheni iliyochoka, kwa maana kila nilipoikaza nilikuta imebana mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Nilipofungua kava ndipo nilipokiona chanzo chenyewe: meno ya sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, yalikuwa yamelika upande mmoja hadi yakapinda kama mapezi ya papa. Niliagiza sproketi ya chuma yenye meno 17, iliyokuja pamoja na washa ya kufungia nati inayoishika sproketi (bati ambalo ukingo wake hukunjwa juu ya nati), na kwa kuwa sproketi iliyolika huila cheni mpya haraka, nilibadilisha pia cheni na sproketi ya nyuma yenye meno 34.

Skrubu za kava la pikipiki za Kijapani za umri huu zinahitaji bisibisi ya msalaba ya kipimo cha Kijapani, kwa sababu ile ya kawaida huteleza na kuharibu vichwa vyake. Ndani ya kava hilo umo pia utaratibu unaosukuma fimbo ya klachi, hivyo nililitoa polepole na kuiacha fimbo mahali pake. Nyuma ya kava palikuwa na tope gumu la grisi na vumbi la miaka mingi, na kulikwangua kulinichukua muda mrefu kuliko kufunga sproketi yenyewe. Sikujuta, kwa kuwa pasipo kusafisha mtu hawezi kujua kama sili za oili zilizo karibu na sproketi zinavuja au la. Zangu zilikuwa kavu.

Kazi nzito ni ile nati. Kwanza nilinyoosha kabisa ukingo wa washa ya zamani kwa patasi butu na nyundo ndogo, kwani ukingo uliobaki umekunjwa hata kidogo huizuia spana isikae vizuri, na spana ikiteleza pembe za nati hulika. Kisha, cheni ya zamani ikiwa bado imefungwa na pikipiki ikiwa katika gia, mwenzangu alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote huku mimi nikiivuta spana yenye mpini mrefu. Mtu akiitoa cheni kabla ya kulegeza nati anakosa kitu cha kuizuia shafti inayobeba sproketi isizunguke, na hapo ndipo wengi hushawishika kuchomeka chuma katikati ya meno, jambo linaloweza kupasua ukuta wa injini. Ukuta wa namna hiyo ukipasuka, gharama yake haina ulinganifu na bei ya sproketi.

Sproketi niliyoletewa imetengenezwa kwa uangalifu. Iliingia kwenye vijino vya shafti kwa kusukumwa na vidole tu, bila kulegalega, na cheni ya kipimo cha 530 ilikaa katikati ya meno pasipo kugusa ubavu. Washa iliyoambatana nayo, kinyume chake, ilinisikitisha sana: nilipoukunja ukingo wake juu ya ubavu wa nati ulipasuka, nikalazimika kusimamisha kazi na kutafuta nyingine iliyo nene zaidi. Washa hiyo ndiyo inayoizuia nati isijifungue barabarani, kwa hiyo kuuza bidhaa dhaifu ya namna hiyo ni kosa ambalo siwezi kulipuuza.

Nilifikiria pia kufunga sproketi ya meno 18, ambayo ingepunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 6 katika mwendo uleule, lakini nilibaki na 17. Cheni huwa na idadi shufwa ya pingili, za ndani na za nje zikipokezana. Kwa hiyo sproketi yenye meno ya idadi witiri hufanya kila jino likutane na pingili za aina zote mbili kwa zamu, na ulaji husambaa kwa usawa. Isitoshe, kupanda mlima kwa gia ya juu kungekuwa kuzito zaidi, na injini hii ya silinda mbili ninaipenda jinsi inavyovuta ikiwa katika mizunguko ya chini.

Sasa nimetembea takriban kilomita 1,500. Mlio umekwisha, cheni ina ulegevu ule ule kila mahali ninapoligeuza gurudumu, na pikipiki haishtuki tena ninapofungua mafuta baada ya kuyafunga. Nilipofungua kava kwa ukaguzi, nati haikuwa imesogea hata kidogo. Sproketi hii nitainunua tena; washa nitaiagiza kwa mtengenezaji mwingine.