Uzoefu wangu na reli ndogo ya Tabora: mabehewa ya Mpanda yalipelekwa Mwanza

Ninaandika nikiwa na hasira, na mnisamehe kama sauti itapanda. Anayetaka kujua bei ya kiingilio au urefu wa meza aulize mlangoni, watamwambia. Mimi nina jambo moja tu, lililotokea kwenye maonyesho ya treni ndogo za mezani, kona ya stesheni ya Tabora, mbele ya watoto wa shule, na aliyetendewa ni mtu aliyeitumikia reli yenyewe tangu ujana wake hadi akastaafu.

Kwa wasiojua: kuna klabu ya wapenzi wa treni ndogo ambayo imeijenga Reli ya Kati, kipande cha Tabora hadi Kigoma, juu ya meza ndefu kwenye ukumbi wa kukodi hapa mjini. Ni treni za umeme, mabehewa yenye ukubwa wa kiganja, stesheni, miti, milima, mpaka ziwa. Niliposikia habari zake sikufikiri mara mbili. Nilikwenda kumchukua baba mdogo kwake Isevya, nikamwambia avae vizuri, leo tunakwenda kuangalia kazi yake.

Baba mdogo alikuwa shanta. Kwa kizazi cha mabasi nieleze: shanta ndiye anayepanga mabehewa yadini, anaamua lipi liungwe wapi, anasimama mahali dereva anamwona na kumwongoza kwa bendera mchana na kwa taa ya mkono usiku. Tabora ndipo reli inapogawanyika. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika hapa huwa ina abiria wa Mwanza, wa Kigoma na wa Mpanda, na mabehewa lazima yatenganishwe, mara nyingi usiku wa manane, abiria wamelala humohumo ndani. Ukikosea, mtu anaamka Shinyanga wakati anasubiriwa na msiba Kigoma. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, kwenye masika na kwenye baridi ya Juni, na vidole vyake viwili havikunjiki vizuri mpaka leo.

Basi tukaingia. Na hapa niwe mkweli, mwanzoni nilifurahi sana. Waliojenga upande wa Kigoma wana mikono yenye baraka. Ukiifuata njia kutoka Urambo unaona mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, halafu miombo inaanza, na juu ya matawi kuna mizinga ya magome iliyolazwa kama ilivyo kweli huko Kaliua. Nguruka wameweka akina mama na masinia ya samaki kichwani wakilikimbilia dirisha la daraja la tatu. Uvinza kuna malundo meupe ya chumvi. Baba mdogo aliinama karibu na daraja la Malagarasi akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hapa maji yakijaa tulikuwa tunalala njiani."

Ziwa Tanganyika lao ni la kumwagia gundi ngumu inayong'aa, na juu yake imeelea Liemba. Jamani, hiyo Liemba! Bomba la moshi, maboti ya kuokolea, ngazi, hata nguo zilizoanikwa nyuma. Watoto walijazana pale, na baba mdogo akaanza kuwasimulia bila kuombwa. Kwamba meli hii iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, halafu ikaletwa kwa reli hiihii mpaka Kigoma, kwa sababu reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwamba vita vilipowabana mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito zisile kutu, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kufikia 1927 ikawa inafanya kazi tena kwa jina la Liemba. Mtoto mmoja akamuuliza, "Babu, wewe uliiona?" Akamjibu, "Nimepanda, mjukuu wangu." Mwalimu wao akawa anaandika.

Ningetoka ukumbini wakati ule, ningewapa nyota tano na kuwaombea dua.

Tukazunguka kwenda upande wa Tabora. Pale kuna kijana wa fulana nyekundu, simu mkononi, ndiye anayeendesha treni za upande huo. Mfumo wao ni wa kidijitali, kila injini ina namba yake, kwa hiyo anaweza kuzisogeza mbili kwenye njia moja kila moja na mwendo wake. Treni ya Dar ikaingia. Akaikata vizuri. Mabehewa yana vibao vidogo ubavuni vyenye majina ya yanakokwenda, na macho ya baba mdogo yalikuwa kwenye vibao. Kijana akachukua mabehewa ya Mpanda, akayaunga nyuma ya treni ya Mwanza, akatangaza kwa kipaza sauti, "Haya, abiria wa Mwanza na Mpanda, safari njema!" Treni ikaondoka ikaingia kwenye tundu la ukutani, ambalo ndilo Mwanza yao.

Tawi la Mpanda linaachana na reli ya Kigoma pale Kaliua. Na Kaliua imo mezani kwao! Wameijenga wenyewe, na njia ya kwenda kusini imechorwa pale, mita chache kutoka alipokuwa amesimama. Mabehewa ya Mpanda huenda upande wa Kigoma. Mtu yeyote aliyewahi kwenda Mpanda kwa treni anajua hivyo.

Baba mdogo alisubiri treni ikapita. Hakumkatiza. Akamsogelea taratibu, akamwambia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Mwanangu, hongera kwa kazi. Yale ya Mpanda ungeyaunga na ya Kigoma, yakaachwe Kaliua."

Kijana hakumwamkia. Hakugeuza hata shingo. Alisema, na kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, "Mzee, wewe angalia tu. Kuongozaongoza kulikwisha ulipostaafu. Rudi nyuma ya kamba."

Ukumbi mzima ulisikia. Wale watoto waliokuwa wanamwita babu dakika chache kabla walisikia. Wengine walicheka, na siwalaumu, watoto hucheka mkubwa akichekesha. Baba mdogo akasema, "Sawa, baba," akarudi nyuma ya kamba, akakunja mikono mgongoni. Nilitaka kusema neno, akanigusa kiwiko.

Nilimtafuta kiongozi wa klabu. Nikaambiwa yuko nyuma anasafisha reli. Ni kweli alikuwa anasafisha, maana kwenye treni hizi umeme unapita kwenye reli zenyewe, na vumbi letu la kiangazi likitanda magurudumu hayapati mkondo, treni inakwama. Alikuwa na kitambaa na spiriti, mtu mpole, akanisikiliza huku anafuta. Akasema, "Ah, yule dogo ndivyo alivyo, lakini ni fundi." Basi. Ndivyo alivyo! Kama tunazungumzia hali ya hewa. Mzee ametukanwa kwenye kipaza sauti, na jibu la uongozi ni kwamba mtukanaji ni fundi.

Kuna kasoro nyingine ambayo wapo watakaoisema. Reli yao ni pana mno. Reli ya Kati ina geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya mita moja, na kwa kipimo chao cha moja kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ingetakiwa njia ya milimita 12. Wao wametumia ya 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni geji ya SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi. Baba mdogo aliliona hilo mlangoni kabla hatujafika popote, akasema behewa letu hutokeza nje ya reli huku na huku, haya yamekaa kama yamechuchumaa. Hilo nawasamehe kabisa. Njia nyembamba na injini zake ni ngumu kupata na bei yake ni kubwa, nao wanajenga kwa michango. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikwenda pale kutafuta makosa. Kosa la vifaa linavumilika.

Siku ile niliapa sitawasifia popote, na nilimwambia kila niliyekutana naye sokoni asiende. Rafiki zangu walimu niliwaambia wasipeleke watoto, watafundishwa jiografia ya uongo. Nilikuwa na haki, na kama ningeandika usiku uleule mngesoma maneno makali kuliko haya.

Baadaye nikarudi. Nilirudi peke yangu, maana baba mdogo alisema ameshaona. Nilitaka kuhakikisha, nisije nikamsingizia mtu. Nikalipa, nikaenda moja kwa moja kona ya Tabora. Yuleyule kijana, fulana ileile. Treni ya Dar ikaingia, akaikata, na mabehewa ya Mpanda akayaunga na treni ya Kigoma. Akatangaza, "Abiria wa Mpanda mtaachwa Kaliua!" Nikaifuata treni kando ya meza mpaka Kaliua. Kweli, ikasimama, injini nyingine ikaja ikayavuta mabehewa yale kuelekea kusini. Hata kusimama kwake kulikuwa kwa kiasi, kama baba mdogo anavyoeleza kwamba shanta mzuri hagongi mabehewa abiria wakaamka.

Mnajua nilivyojisikia? Ningepaswa kufurahi. Watoto sasa wanaona ukweli. Lakini nilisimama pale Kaliua machozi yananilenga, kwa sababu ile ni sentensi ya baba mdogo, neno kwa neno, "yakaachwe Kaliua," imechukuliwa, imetumika, na mwenyewe alirudishwa nyuma ya kamba. Nilimuuliza kijana, nani kawaambia mbadilishe? Akasema, "Tulifanya utafiti."

Utafiti!

Ukutani wameweka orodha ya wanaoshukuriwa, aliyetoa mbao, aliyetoa rangi, mwenye ukumbi. Nimeisoma yote. Hakuna mfanyakazi wa reli hata mmoja. Reli nzima iko mezani, na dereva, gadi, stesheni masta, shanta na waliokuwa wanabadilisha mataruma juani hawapo hata kwa neno moja, wakati wengi wao bado wako hai hapahapa Ng'ambo na Isevya, wanakaa barazani, na wangekuja bure. Wangekuja kwa furaha. Baba mdogo alikuwa amevaa koti.

Kwa hiyo mnaniuliza, niende au nisiende? Nimebadilisha jibu hili mara nyingi nikiandika. Nilianza na nyota moja. Kisha nikaikumbuka Liemba na wale akina mama wa Nguruka, na aliyevitengeneza vile hana kosa na mimi, ni dada mmoja mkimya anayekaa upande wa Kigoma, ambaye alimpa baba mdogo kiti chake wakati anawasimulia watoto na akamwamkia kwa kupiga goti. Nyota moja ni dhuluma kwake. Lakini nikiweka nne nitakuwa nimemlipa na yule wa kipaza sauti.

Naweka tatu, zote za upande wa Kigoma. Nendeni, na mwende na wazee wenu waliofanya kazi reli, wengi iwezekanavyo. Anzieni ziwani mje huku, msianzie Tabora. Na kiongozi wa klabu, kama unasoma: nyumba ya baba mdogo wote pale stesheni wanaijua, ukiuliza utaelekezwa. Yupo kila jioni baada ya swala ya alasiri. Nenda na huyo fundi wako, na aanze yeye kusema shikamoo.