Kitabu cha Abrahamu: utetezi upi una nguvu?

Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni, na wenzake walinunua maiti za kale na mafunjo ya Misri kwa dola 2,400. Smith akasema humo mna maandishi ya Abrahamu, na tafsiri yake ndiyo Kitabu cha Abrahamu, ambacho kanisa hilo hukiona maandiko matakatifu. Vipande vya mafunjo hayo vilivyorudishiwa kanisa mwaka 1967 vilisomwa na wataalamu: ni matini ya mazishi, yakiwemo ya kuhani wa Misri aitwaye Hor, wala si maandishi ya Abrahamu.

Watetezi wengine husema sehemu ya Abrahamu ilipotea. Mengi yalipotea kweli, ila mchoro wa kwanza kitabuni umo vipandeni, na maelezo ya Smith hayalingani na ya wataalamu.

Wengine husema mafunjo yalimchochea tu kupokea ufunuo. Hilo halipimiki, tena Smith mwenyewe aliiita kazi yake tafsiri. Hoja ya kwanza walau inakubali kupimwa.