Monita ya OLED mezani: uzoefu wangu, na kwa nini imechelewa kutufikia

Niseme wazi tangu mwanzo: sijawahi kukaa mbele ya skrini nzuri kama hii. Ni monita ya QD-OLED (aina ya OLED inayotumia chembe ndogo sana ziitwazo nukta za kwantamu kutoa rangi), inchi 27, pikseli, yaani nukta za picha, 2560 kwa 1440. Haina taa ya nyuma; kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo panapotakiwa weusi hapana mwanga kabisa. Filamu za usiku ambazo LCD yangu ya zamani, yenye taa ya nyuma, ilizionyesha kama zimefunikwa moshi, humu zina giza la kweli, na taa ya mbali barabarani inabaki nukta moja kali. Mpira ukipigwa hauachi mkia. Kwa michezo na video sina la kulalamikia.

Lakini mimi hushinda nikiandika na kujaza majedwali, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini teknolojia hii imechukua muda mrefu hivi. Simu za OLED zilikuwa mikononi mwa watu mwaka 2010. LG walianza kuuza televisheni zao za inchi 55 mwaka 2013. Kwenye monita, Dell walitangaza UP3017Q ya inchi 30 mwaka 2016 kwa dola 4,999, bei ya studio, si ya mtu wa kawaida. Mlango ulifunguka hasa mwaka 2022, Alienware, chapa ya Dell ya kompyuta za michezo, walipoleta AW3423DW kwa dola 1,299.

Sababu kubwa ni kwamba kazi ya mezani inaidai OLED kile kile kinachoichosha. Televisheni hubadilisha picha muda wote, na simu huzimwa ikarudi mfukoni. Kwenye kompyuta, upau wa chini uko palepale kuanzia asubuhi hadi jioni, saa iko kwenye kona ileile, na menyu za programu hazisogei. Vitu vya kaboni vinavyotoa mwanga huchakaa kadiri vinavyowaka, na vile vya bluu ndivyo dhaifu zaidi. Pikseli zilizofanya kazi kubwa hufifia kabla ya jirani zake, na umbo la ule upau linaweza kubaki kama kivuli kisichofutika. Yangu bado haina alama yoyote, ila nimebadilisha mazoea: upau nimeuficha, mandharinyuma ni meusi, skrini inajizima nikiondoka. Monita nayo husogeza picha kidogo kidogo, na kila baada ya saa nne hivi za matumizi inataka ipumzike ili ijisawazishe. Ujumbe wa kuiomba mapumziko hutokea katikati ya kioo nikiwa katikati ya sentensi. Watengenezaji wangeacha kazi hiyo ifanyike kimyakimya mtu akishazima, basi.

Maandishi ndiyo yaliyonikera zaidi. Windows hulainisha herufi ikiamini kwamba kila pikseli ina sehemu tatu ndogo za rangi zilizopangwa kwa mstari: nyekundu, kijani, bluu. Kwenye QD-OLED zimepangwa kwa pembetatu, ya kijani ikiwa juu. Fungua dirisha jeupe juu ya mandhari meusi, usogeze macho karibu: ukingo wa juu una uzi wa kijani, wa chini una uzi wa waridi. Kwenye picha huuoni. Kwenye herufi ndogo unauona, na macho yangu huchoka mapema kuliko nilivyozoea. Monita za 4K (pikseli 3840 kwa 2160) za ukubwa huuhuu zina pikseli kama 166 kwa inchi, wakati yangu ina kama 110, na huko uzi huo ni mwembamba mno kusumbua.

Mwangaza pia una mipaka. Nuru ndogo kwenye picha ya HDR, yaani yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, inafika niti 1000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), lakini ukurasa mweupe ukijaza kioo kizima unashuka hadi 250 hivi. Na mwanga wa dirishani ukipiga kioo, ule weusi ninaousifu unageuka kijivu.

Kiwandani nako mambo si mepesi. Skrini za simu hupakwa vile vitu vinavyotoa mwanga wa rangi kupitia barakoa ya chuma yenye matundu madogo sana, na barakoa hiyo hulegea katikati ikiwa kubwa. Kampuni ya JOLED ya Japani, iliyoundwa mwaka 2015, ilijaribu kuchapisha rangi hizo kama wino, na skrini zake zikaingia kwenye monita za kitaalamu. Mwaka 2023 ilifilisika. Ilinisikitisha, maana ile ilikuwa njia iliyolenga ukubwa wetu hasa.

Kama kazi yako ni video, picha au michezo, nunua bila wasiwasi. Kama unashinda kwenye maandishi, chukua ya 4K, iweke mbali na dirisha, na kabla ya kulipa soma dhamana uone kama imetaja kwa maneno kwamba alama za kudumu zinafidiwa, na kwa miaka mingapi.